UFUNGUO ANAO NANI?
Mada iliyotolewa kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo na Halmashauri ya Walei, baada ya safari ya kutembelea miradi ya wananchi kutoka Makambako hadi Mbinga



Mtakumbuka kwamba baada ya Kwaresima, Halmashauri ilitukabidhi sisi wajumbe wa Tume ya Haki na Amani kazi moja, nayo ni kushauri sadaka ya mfungo itumike kwa mradi gani. Mapendekezo yaliyokuwa mezani ni matatu: mashine mpya ya kusaga, kisima cha maji, na ufugaji wa kuku. Bila shaka leo mnatutazamia tutaje mmojawapo. Tumekuja na jibu, lakini si lile mlilolitazamia. Tunawaomba mtusikilize kwa uvumilivu mpaka mwisho, kisha mtuhukumu.

1. KWA NINI TULISAFIRI

Kabla ya kuhesabu makosa ya wengine, yatupasa tuanze na letu. Nyuma ya nyumba ya mapadre lipo banda la mabati ambalo kila mmoja wetu hulipita akienda Misani. Ndani yake imo mashine ya kusaga tuliyopewa na marafiki wa parokia yetu. Ilipowasili tulipiga vigelegele, tukaibariki, tukapiga picha. Ilisaga kwa miezi kumi na mmoja. Mkanda wake ulipokatika, fedha ya kununua mwingine haikuonekana. Aliyeshika ufunguo wa banda ndiye aliyeshika daftari, na ndiye aliyepokea fedha. Hatusemi kwamba aliiba. Hatujui, na hilo ndilo kosa lenyewe, kwamba hakuna aliyeweza kujua. Tena, Tume hii hii iliweka sahihi chini ya hesabu za mwaka bila kuzisoma. Tangu siku hiyo kina mama wetu wanabeba mahindi kichwani hadi kwa mtu binafsi, huku mashine yao wenyewe ikila kutu.

Ndiyo maana tuliona si haki kuwashauri mara ya pili kabla hatujajifunza. Baada ya mavuno tuliondoka wajumbe sita, wanawake watatu na wanaume watatu, tukasafiri kwa siku tisa. Tulikubaliana kwamba hatutakwenda kwenye miradi mikubwa yenye vibao barabarani, bali kwa watu wa miji midogo na vijiji walioanza jambo wao wenyewe. Tulikubaliana pia juu ya swali moja la kuuliza kila mahali: “Ufunguo anao nani?”

2. MAKAMBAKO: SANDUKU LENYE KUFULI TATU

Makambako ni mji wa njia panda. Hapo barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia inaachana na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA ina stesheni mjini humo. Ni mji wa malori, maghala ya mahindi, mama lishe na wauza mitumba. Nyuma ya duka moja tulikuta kikundi cha watu thelathini, wanawake ishirini na sita na wanaume wanne, wamekaa kwenye mabenchi. Katikati yao lilikuwapo sanduku la chuma lenye kufuli tatu.

Wengi wenu mnavijua vikundi vya kuweka na kukopa. Mbinu hii ilianza nchini Niger mwaka 1991 miongoni mwa wanawake wa vijijini, kwa msaada wa shirika la CARE, na ilifika kwetu karibu na mwaka 2000. Leo twaiita VICOBA. Hatutaieleza yote, ila yale yaliyotugusa.

Funguo tatu zilikuwa mikononi mwa watu watatu tofauti, wala si mwenyekiti, wala si mweka hazina. Sanduku lenyewe hulala nyumbani kwa mtu wa nne asiye na ufunguo hata mmoja. Siku ya mkutano watatu hao hufungua mbele ya wote. Fedha huhesabiwa kwa sauti, na kabla ya kuhesabiwa, wanachama huulizwa ni kiasi gani walikiacha wiki iliyopita. Wote hujibu kwa pamoja, hata bibi asiyejua kusoma. Daftari lao kubwa, basi, limo vichwani mwa watu thelathini.

Tulimwuliza mama mwenyekiti kama kufuli hizo ni dalili ya kutoaminiana. Akatujibu: “Wanangu, hatukuziweka kwa sababu sisi ni wezi. Tumeziweka ili asiwepo hata mmoja wetu wa kujaribiwa peke yake.” Ndugu zetu, neno hilo tungelipata miaka ile tulipopokea mashine, tungeliokoa mashine, na pia tungeliokoa jina la mtu.

Hata hivyo hatukwenda kusifu tu. Wakati mkutano ukiendelea, mwanamke mmoja alikuwa akifagia taka za soko hatua chache kutoka pale. Tukauliza kama naye ni mwanachama. Kikundi kilinyamaza. Kisha mmoja akasema, “Hawezi hisa.” Fikirini jambo hilo. Katika vikundi vya namna hii mkopo hupimwa kwa hisa; asiye na hisa hana mkopo, na asiye na mkopo hapati mtaji wa kumpatia hisa. Hivyo kikundi cha maskini chaweza kumwacha nje aliye maskini zaidi, pasipo mtu yeyote kukusudia ubaya. Tuliandika swali la pili katika daftari letu: “Nani hayumo?”

3. NJOMBE: MIZANI NA MAJIRANI

Kutoka Makambako tulipanda kwenda Njombe, nchi ya baridi, ya viazi, ya miti ya mbao na, siku hizi, ya maparachichi. Katika kituo kimoja kidogo cha soko tuliwakuta wakulima wa viazi wakipambana na adui anayeitwa lumbesa.

Kwa wasiolijua neno hili, lumbesa ni gunia lililojazwa kupita mdomo wake, likaongezewa kilemba na kushonwa kwa kamba. Mnunuzi hulipa bei ya gunia moja, lakini huondoka na zaidi ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza gunia la mazao kuzidi kilo mia moja. Sheria ipo, na Wakala wa Vipimo upo. Lakini mkulima aliyesimama shambani jioni, viazi vimekwisha kuchimbwa, wingu limetanda, na lori liko moja tu, hana nguvu ya kumfundisha mnunuzi sheria.

Wakulima hao walichanga wakanunua mizani. Wakaweka kanuni kwamba mtu asiuze bila kupima, na bei iwe kwa kilo. Walitusimulia yaliyofuata bila kuficha. Msimu wa kwanza wanunuzi waliitazama mizani, wakacheka, wakawasha malori na kwenda kijiji cha pili. Viazi vikaanza kuoza. Usiku, baadhi ya wanachama wakauza lumbesa kwa siri, na miongoni mwao alikuwamo mjumbe wa kamati. Kikundi kilikuwa karibu kuvunjika.

Kilichokiokoa hakikuwa fedha. Walimwita yule mjumbe mbele ya wote. Badala ya kumfukuza, wakamwuliza kwa nini aliuza. Akasema alikuwa na mtoto aliyetakiwa kuripoti shule. Hapo ndipo walipotambua kwamba mtu mwenye njaa ya wiki hii hawezi kulinda bei ya mwezi ujao. Wakaanzisha mfuko mdogo wa kumsaidia mwanachama mwenye shida asilazimike kuuza usiku. Kisha wakatembea kwa miguu hadi vijiji viwili vya jirani, wakaketi na wakulima wa huko, wakakubaliana kanuni moja. Msimu uliofuata lori lilipoikimbia mizani ya kwanza lilikuta ya pili. “Mizani haikutusaidia,” mzee mmoja alituambia, “mpaka tulipopata majirani.”

Kitabu cha Mithali kinaihesabu mizani ya udanganyifu kuwa machukizo mbele za Mungu. Mara nyingi tumeyafundisha maneno hayo kama onyo kwa mfanyabiashara mmoja mmoja. Wakulima wa Njombe wametufundisha kwamba mizani ya haki huhitaji pia watu walioungana kuilinda. Katika mafundisho ya Kanisa jambo hilo huitwa mshikamano. Na ufunguo wa chumba cha mizani? Ulikuwa wa watu wawili, kijana mmoja na mama mmoja mtu mzima, nao hubadilishwa kila msimu.

4. BOMBA LILILOKAUKA

Kati ya Njombe na Songea tulisimama katika mji mdogo ambao hatutautaja jina, kwa kuwa hatukwenda kumwaibisha mtu. Pembeni mwa barabara lilikuwapo bomba la maji la saruji lililojengwa vizuri, na juu yake kibao chenye majina ya waliolitoa. Mbuzi walikuwa wamelala kivulini mwake. Maji hayakuwapo.

Tulidhani chanzo kimekauka. La, chanzo kilikuwa hai. Kilichovunjika ni kifaa kidogo ambacho fundi wa mjini angekitengeneza kwa siku moja. Tukadhani basi wananchi hawakuchanga. La, walichanga, na fedha ilikuwa benki. Lakini waliowekwa kuwa watia sahihi walikuwa wawili tu. Mmoja alikuwa amefariki, na mwingine alikuwa amehamishwa kikazi, kwa kuwa alikuwa mtumishi aliyepewa nafasi hiyo kwa heshima ya cheo chake. Hakuna aliyewahi kuitisha mkutano wa kuwabadilisha, kwani wananchi walikuwa wakingoja wenye mradi waje. “Wenye mradi ni akina nani?” tuliuliza. Wakatuonyesha kibao.

Jioni ile tulisafiri kimya. Kila mmoja wetu alikuwa akilifikiria banda letu.

5. SONGEA: HABARI YA LITOWA

Huko Songea hatukwenda kutazama mradi, bali kusikiliza kumbukumbu, kwa maana mkoa wa Ruvuma una historia ambayo vijana wengi hawaijui.

Mwaka 1960 vijana kadhaa wa Umoja wa Vijana wa TANU, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, walikwenda mahali paitwapo Litowa kuanzisha makazi ya kulima pamoja. Jaribio la kwanza lilishindwa. Mwaka 1961 walirudi, na safari hii wakastahimili. Vijiji vingine vikafuata mfano wao, na mwaka 1963 vikaungana katika chama cha maendeleo kilichojulikana kwa herufi za RDA. Kufikia mwisho wa muongo ule vilikuwa zaidi ya kumi na vitano, kikiwamo kijiji cha Matetereka. Walikuwa na mashine ya kusaga nafaka mjini Songea, walikuwa na kiwanda cha kupasua mbao, na pale Litowa walikuwa na shule iliyowafundisha watoto masomo pamoja na kazi za kijiji. Mambo ya kijiji yaliamuliwa katika mkutano wa wanakijiji wenyewe, na viongozi walichaguliwa nao.

Mwalimu Nyerere alivifahamu vijiji hivyo na kuvipenda. Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, na baadaye mwaka ule ule andiko lake juu ya Ujamaa Vijijini, watu wa Ruvuma walikuwa tayari wakiishi kwa miaka kadhaa yale yaliyoandikwa. Mwaka 1968 Mwalimu alifundisha kwamba watu hawawezi kuendelezwa na mtu mwingine. Hujiendeleza wenyewe, kwa kushiriki katika maamuzi na kazi. Hata hivyo, tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama cha Ruvuma, na mali zake zikachukuliwa. Kazi ya kujenga vijiji ikawa ya chama tawala. Miaka minne baadaye, Novemba 1973, ikatolewa amri kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Jambo lililoanza kwa hiari ya wachache likawa amri kwa mamilioni.

Hatuyasemi haya ili kuwahukumu waliotutangulia, ambao walibeba taifa changa katika nyakati ngumu. Twayasema kwa sababu ya neno alilotuambia mzee mmoja aliyekuwa mtoto wa shule wakati ule. Tulimwuliza kwa nini mradi ulishindwa. Akatutazama kwa muda, kisha akasema: “Hatukushindwa. Tulisimamishwa.” Kushindwa na kusimamishwa ni mambo mawili, nasi katika taarifa zetu tumezoea kuyaandika kwa neno moja.

Wala tusidhani kwamba hili ni tatizo la serikali na vyama vya siasa peke yake. Je, ndani ya Kanisa hatujawahi kuvunja Litowa zetu? Mtawakumbuka vijana wa kigango kimoja chetu walioanza kufyatua matofali. Walipoanza kuuza, tuliwaambia kwamba fedha ziingie kwanza katika mfuko wa parokia, kisha waombe kwa barua. Baada ya miezi mitatu kikundi kilikufa, nasi tukaandika katika taarifa kwamba vijana wa siku hizi hawana uvumilivu. Hawakushindwa, ndugu zetu. Tuliwasimamisha.

6. MBINGA: MASHIMO YASIYO NA KIBAO

Mwisho wa safari yetu ulikuwa Mbinga, katika milima ya Wamatengo. Huko mliyo na ukame na mmomonyoko mngestaajabu kuona miteremko mikali iliyolimwa tangu enzi za mababu bila udongo kukimbilia mtoni. Siri yake ni kilimo cha ngoro. Mvua zinapokaribia kwisha, wanaume hufyeka majani na kuyapanga katika miraba mlimani kote. Kisha wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafukia majani, hata ukabaki mlima wote umejaa mashimo kama sega la nyuki. Maharage hupandwa juu ya matuta, na msimu ufuatao mahindi hufaidi majani yaliyooza. Maji ya mvua hutua ndani ya mashimo badala ya kuteremka na udongo.

Hakuna mfadhili aliyeuleta ujuzi huo. Hauna kibao. Umeishi kupita tawala za kikoloni, kupita kuvunjwa kwa vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976 na kurudishwa kwake kwa sheria ya mwaka 1982, kwa sababu ufunguo wake umo katika mikono ya kila kaya. Wazee walitueleza pia desturi ya sengu, yaani baraza la ukoo ambapo ndugu walikula pamoja na kuzungumza mambo yao, vijana wakijifunza kwa kusikiliza. Ngoro ililinda udongo; sengu ililinda watu.

Lakini hapa pia tulikumbuka swali letu la pili. Kuchimba na kufukia ni kazi ya wanawake, nayo ni kazi nzito. Kahawa, iletayo fedha, kwa desturi imekuwa mali ya wanaume. Mama mmoja alituambia, akicheka, lakini macho yake hayakucheka: “Mimi naijua ngoro yote. Bei ya kahawa naisikia kwa majirani.” Hivyo tukaandika swali la tatu: “Nani anasoma daftari?” Kwani mtu aweza kushika jembe maisha yake yote, asishike kamwe kalamu ya mradi.

7. KANISA LATUFUNDISHA NINI

Ndugu zetu, maswali haya matatu hatukuyazua. Yamo katika mafundisho ya Kanisa letu, ila tumeyafungia kabatini.

Mwaka 1931 Baba Mtakatifu Pius XI, katika Waraka wake Quadragesimo Anno, alifundisha kanuni ambayo leo twaiita kanuni ya auni: lile ambalo watu au jumuiya ndogo waweza kulifanya kwa juhudi zao, si haki chombo kikubwa kuwanyang'anya. Chombo kikubwa kipo kuwasaidia, si kuwameza. Mwaka 1967 Baba Mtakatifu Paulo VI aliunda Tume ya Kipapa ya Haki na Amani, ambayo tangu mwaka 2017 kazi yake inaendelezwa na Idara ya Maendeleo Fungamani ya Binadamu. Mwaka ule ule wa 1967, katika Waraka wa Populorum Progressio, alitukumbusha kwamba maendeleo ya kweli ni ya kila mtu na ya mtu mzima, roho na mwili. Nao Maaskofu wa Afrika Mashariki na Kati walipozichagua Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo katika miaka ya 1970 kuwa njia ya uchungaji, hawakuzikusudia ziwe mahali pa rozari na michango tu, bali mahali ambapo Wakristo huyatazama maisha yao wenyewe kwa mwanga wa Injili.

Tena tusome sura ya sita ya Matendo ya Mitume. Wajane wa upande mmoja walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Hapo pana swali letu la “Nani hayumo?” Mitume hawakukasirishwa na manung'uniko yale, wala hawakuteua watu wao kwa siri. Waliita jumuiya yote, wakaitaka ichague wenyewe watu saba wanaoaminika. Kanisa la kwanza lilipopata tatizo la haki katika mradi wake wa chakula, liliwapa ufunguo wale waliolalamika.

8. TUNACHOPENDEKEZA

Katika gari tulikuwa na mzee mwenzetu ambaye tangu mwanzo hakukubaliana nasi. Alisema: “Mkiwaachia watu, wataiba.” Tulibishana naye kutoka Makambako hadi Songea. Tulipofika Mbinga akasema jambo ambalo twawaletea kama lilivyo: “Nimetembea siku nane nikitafuta mahali ambapo watu wengi waliiba kwa pamoja, sijapaona. Nimeona mahali ambapo mmoja aliachwa peke yake.”

Kwa hiyo mapendekezo yetu ni haya.

Kwanza, Tume hii isichague mradi, wala Halmashauri isichague. Sadaka ya mfungo ilitoka katika Jumuiya. Irudi ikaamuliwe katika Jumuiya. Kila Jumuiya iketi, iseme shida yake na kile inachoweza kukianza yenyewe hata bila fedha hii. Baada ya miezi mitatu wajumbe waliochaguliwa na Jumuiya wakutane hapa, mlango ukiwa wazi.

Pili, kabla ya mradi mpya, banda lifunguliwe. Tunaomba mkutano wa parokia nzima, na hesabu za mashine zisomwe kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, kwa kuanzia na zile tulizozitia sahihi sisi. Tutasimama na kuulizwa. Aliyeshika ufunguo naye apewe nafasi ya kusema, asikilizwe kama ndugu, kwa maana amebeba mashaka yetu kwa muda mrefu bila kuhukumiwa wala kusafishwa.

Tatu, mradi wowote utakaopata fedha ya parokia uwe na funguo zisizopungua tatu katika mikono isiyo ya viongozi, watia sahihi wanaobadilishwa kwa tarehe inayojulikana, na daftari linalosomwa hadharani kila mwezi kwa lugha ambayo bibi zetu wataielewa.

Nne, sehemu ya fedha hiyo itengwe kwa wale wasioweza hisa. Kila Jumuiya iwatafute hao kwa majina, isingoje waje.

Tano, vijana wa matofali waombwe msamaha, na waulizwe kama bado wana nia. Wakisema ndiyo, tusiwadai barua.

Tunajua kwamba njia hii ni ndefu. Mashine tungeweza kuinunua wiki ijayo, na vigelegele vingesikika tena. Kisima kingechimbwa kabla ya mvua. Wapo akina mama waliochoka kubeba mahindi, nao wana haki ya kutuuliza kwa nini wangoje miezi mitatu zaidi. Swali lao ni la haki, wala hatulikwepi. Twawajibu hivi: mmekwisha ngoja muda mrefu kwa sababu sisi tulifanya haraka. Mkutano wa banda ukionyesha kwamba mashine yaweza kutengenezwa kwa mkanda mmoja, basi mkanda huo ununuliwe siku hiyo hiyo, na funguo wakabidhiwe ninyi kabla hatujatoka mlangoni.

Mungu, aliyemkabidhi mwanadamu bustani ailime na kuitunza, atujalie moyo wa kukabidhiana. Tumsifu Yesu Kristo!

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Tutaje mradi mmoja katika mtaa wetu unaoendelea na mmoja uliokufa. Katika kila mmoja, ufunguo anao au alikuwa nao nani?

2. Je, ule uliokufa ulishindwa au ulisimamishwa? Sisi wenyewe tulichangia nini?

3. Nani katika Jumuiya yetu “hawezi hisa”? Tumewahi kuketi naye na kumsikiliza?

4. Katika nyumba zetu, nani anafanya kazi na nani anasoma daftari?

5. Ni jambo gani tunaloweza kulianza wiki hii bila kungoja fedha kutoka popote?